Wakubwa Walioacha Shule, na Mimi Niliyewatangaza

Vijana wa darasa la kwanza, kaeni vizuri, mzee wenu wa miaka kumi na saba anasimulia kazi. Siku yangu ya kwanza kama msemaji wa bendera, shati nililoazima lilinifika magotini. Msemaji wa bendera ndiye anayesimama mbele ya mistari ya wanafunzi asubuhi, wimbo wa taifa ukiisha, na kueleza habari za mtu mkubwa wa historia. Sharti la kazi ni kumeza, yaani kusema bila karatasi.

Bosi wangu wa kazi, Mwalimu wa Nidhamu, aliniagiza: "Sema maisha ya wakubwa. Usilalishe watu."

Sikulalisha mtu. Nilichagua wakubwa ambao shule waliionja tu. Yule wa taa ya umeme: miezi michache darasani. Yule rais wa Amerika aliyepiga vita utumwa: ukijumlisha masomo yake yote, mwaka haujai. Waziri mkuu wetu wa kwanza: chuo kikuu hakukanyaga, alikuwa karani wa posta. Mistari ilipiga makofi mpaka bendera ikaona wivu.

Kumbe rafiki yangu Bahati wa mtaa wa Nyamianda alisikiliza kuliko wote. Alhamisi alichukua nusu ya darasa lake, lililo mwaka mmoja nyuma yetu, wakaenda ziwani kuogelea, ndiyo kuanza ukubwa.

Prefe, mkuu wa shule, akaniita. "Batoto bako wapi?"

"Bako ziwani, Bwana Prefe. Banafuata historia."

"Weye unanifungia shule! Kesho Bahati asiporudi, kazi yako imekwisha."

Kazi ile niliipenda kuliko ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nikakimbia sokoni kwa Mama Bahati, muuza ndagala, nikamweleza yote, pamoja na kipande nilichokiruka chini ya bendera: kijana wa taa alipotoka shule, alifundishwa nyumbani na mama yake.

"Na mama yake?" Akasimama. "Basi minye, mama yake Bahati, iko tayari!"

Asubuhi alimkalisha Bahati nyuma ya meza ya ndagala. "Taja mito ya Kongo! Kwa sauti!" Jibu mwenyewe hakulijua, wala hilo halikumzuia: aliuliza wateja. Wauza mihogo wakawa wakaguzi, dereva wa pikipiki akadai Kifaransa, na wasichana wa shule jirani wakasimama kucheka.

"Mama, unihurumie! Prefe hapigi kelele hivi!"

"Nyamaza, mutu mukubwa. Bado hesabu."

Jua halijapanda, Bahati alikuwa kwenye lango la shule, anahema, ananuka ndagala. Wenzake walimfuata mbio, maana mama zao nao walikwisha kuanza kutafuta mabenchi.

Sasa nimestaafu. Wa darasa la sita hawashiki vyeo, wanangojwa na mtihani wa Serikali. Mgongo unauma kidogo, hasa nikitumwa maji. Nafasi yangu amepewa Bahati. Asubuhi yake ya kwanza alijikohoza kama mbunge:

"Kuna mutu mukubwa mumoja, mama yake alimufundisha asubuhi moja tu. Ni minye. Twende darasani mbiyo, mama iko anapita pale!"

Kweli, juu ya ukuta beseni la ndagala lilikuwa linapita. Mistari ikavunjika kwa kicheko, ikaingia darasani kabla ya kengele.