Rangi ya Gari Lililofufuliwa

Katika kliniki ya macho, juzi, nilimwamkia mzee mmoja kipofu nikakaa kando yake. Mkewe alishika simu yenye kipindi cha kufufua magari ya zamani. Yeye akitazama, mzee akisikiliza. Injini ilipowashwa, mzee akainua kidole.

"Plagi moja haichomi."

Kweli, fundi wa kwenye simu akaibadilisha, gari likanguruma sawasawa.

"Wamelipaka rangi gani, mama watoto?"

"Kijani. Kama lile letu la kubebea machungwa, Muheza."

Mzee akanigeukia. "Eti mwanangu, ni kijani?"

Nikachungulia simu: gari lilikuwa jekundu. Mkewe akanikazia macho. Mimi, ninayewasema waongo kila wiki katika safu hii, nikajibu: "Kijani kibichi, mzee wangu."