Mwizi wa mkate wa nyama amekamatwa Igoma

Jamani, mwizi wangu wa miaka ya tisini nimemkamata leo, tena jikoni kwangu!

Enzi za ruksa, madukani vitu viliporudi, marehemu mama alikuwa anatutengenezea mikate ya nyama kila Jumamosi. Nyama ya kusaga katikati ya slesi mbili, na tomato sosi inayochuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Kila Jumamosi mkate mmoja ulipotea.
Na kila Jumamosi nilichapwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mlafi.
(Mlafi ndiyo. Mwizi hapana!)

Leo nimeitengeneza mwenyewe, na imetoka mitamu. Sijisifu, nasema ukweli.

Nikamkaribisha baba, amekuja kunitembelea kutoka Misungwi.

"Kabula, mimi mkate sili. Mkate si chakula. Nisongee ugali."

Haya, baba. Nikafunika mikate yangu mitano, nikaenda dukani kununua unga.

Narudi, iko minne.
Nyumba nzima tuko wawili tu.

Mzee ametulia anasikiliza redio. Sosi imejaa kwenye ndevu nyeupe.

"Baba?"

Wala hakushtuka. Akajifuta taratibu.

"Umejitahidi. Ila wa mama yako ulikuwa na pilipili zaidi."

Wa mama! Yeye asiyekula mkate!

Ugali sijasonga. Nimeongeza pilipili kwenye ile minne, nimeifunika vizuri, halafu nimetoka tena makusudi.

Nipo hapa nje. Niambieni, nikae dakika ngapi?