Pikapu Iliyoshushwa kwa Ajili ya Goti Langu

Simu ilikuja asubuhi nikiwa napepeta mtama. Binti yangu, aliyekuwa amekwenda Mbwemkuru kumuuguza dada yangu mkubwa, alisema, "Mama, leo Mama Mkubwa ameniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kama mnakuja, njooni leo."

Niliacha ungo palepale. Mimi na dada yangu ndio tuliokuwa daftari la ukoo. Nani kamzaa nani, nani alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na mtoto gani mgongoni, majina yote tulikuwa nayo kichwani, maana shule yenyewe niliishia darasa la pili. Humu siandiki hata moja, wenyewe hawakuniruhusu, lakini usidhani nimesahau. Sasa dada anasahau. Nilitaka nifike kabla hajalisahau langu.

Gari lilikuwepo, pikapu ya mkwe wangu, mume wa huyo binti, fundi hapahapa Nambambo. Tatizo lilikuwa urefu. Alikuwa ameliinua mbele kwa ajili ya njia za mashambani msimu wa korosho, na goti langu la kulia halipandi kitu kinachozidi kigoda. Kigoda chenyewe tulikijaribu siku moja Naipingo, kikapinduka, nikakaa chini mbele za watu. Siku zote binti yangu ndiye hunishika kiunoni akanisukuma ndani. Mkwe hawezi. Kwetu mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Hata akisema nami hutumia wingi, kana kwamba nimekuja na wenzangu, macho yakiwa chini. Majirani wangenipandisha, sawa. Je, nikitaka kushuka njiani? Nina kibofu cha kizee.

"Mama, ngojeni kidogo," alisema. "Nitalishusha gari."

Kidogo ya fundi siyo kidogo ya mtu mwenye haraka. Pikapu ile mbele haina springi. Ina vyuma viwili virefu, kila upande kimoja, vimelala chini ya kebini, navyo hubeba gari kwa kujinyonga, kama nguo inavyokamuliwa. Mwisho wa kila chuma kuna bolti. Ukiikaza, chuma kinajinyonga zaidi, gari linapanda. Ukiilegeza, linashuka. Akapiga jeki, akaweka alama ya chaki kwenye bolti ili ajue ilipokuwa, akalegeza huku akihesabu mizunguko kwa sauti, kisha upande wa pili. Nikachukua mkoba wangu. Kumbe bado. Gari likitoka kwenye jeki haliketi vizuri papo hapo, lazima liendeshwe kwanza ndipo lipimwe. Akaliendesha mpaka msikitini na kurudi, akapima kwa kamba toka ardhini hadi kwenye madigadi. Upande mmoja umezidi. Akaingia tena uvunguni.

Nilikaa, nikasimama, nikafungua mkoba kuangalia dawa zilezile. Nilimpigia binti yangu mara mbili, hakupokea. Jirani yangu akasimama na ndoo yake.

"Mwenzangu, mkwe wako analipigisha gari magoti?"

"Kwa ajili yangu."

"Una bahati. Wangu akiniona njia hii, anapita ile."

Kutoka uvunguni nilisikia mtu akijizuia kucheka.

Mwishowe akasema, "Mama, jaribuni." Nikapanda mwenyewe, mguu mmoja, halafu wa pili.

Furaha ile haikufika mbali. Nachingwea ilipobaki nyuma na makorongo yakaanza, kila shimo tumbo la gari lilipiga chini, na kila kona tairi lilisugua madigadi. Akapunguza mwendo, akapunguza tena. Baiskeli ikatupita, na ilikuwa na gunia la mkaa.

"Tutafika saa ngapi?"

"Jioni, Mama. Nimelishusha mno. Nilikuwa nafikiria goti tu."

"Basi lipandishe."

"Itabidi mshuke. Siwezi kupiga jeki na nyinyi mmo ndani. Na likishapanda, nyinyi hamtapanda."

Nikatazama huku na huku, labda kuna mwanamke yeyote anapita. Mikorosho tu, pande zote mbili. Nikafikiria dada yangu akiangalia mlango.

"Lipandishe. Utanibeba."

Akashikilia usukani. "Mama, hilo msinitume."

"Waliokataza hawakuwa na gari."

"Na mke wangu nitamwambia nini?"

"Mwambie niliamuru mimi. Jua linakwenda, baba."

Nikashuka, akakaza bolti mpaka kwenye chaki. Kisha akageuza uso kwenye mikorosho, kama anayemtafuta mtu kule, akaninyanyua. Sina uzito mkubwa. Tulipofika Ruangwa mjini ndipo akakohoa na kuniuliza kama upepo wa dirishani unanisumbua.

Mbwemkuru binti yangu alinishusha. Dada alikuwa kwenye mkeka barazani. Akanitazama. Sikumsalimia kwa jina wala sikujitaja, sikutaka kumsaidia. Akanyoosha kidole kwenye kanga yangu, kwapani.

"Una grisi. Vidole vya mwanamume hivyo."

"Mkwe amenibeba."

"Mkwe." Akalirudia neno, halafu kicheko kikamshika hata binti yangu akaja kumwegemeza. "Wewe tangu utoto huna haya," akasema, akalitaja jina langu, lile la nyumbani, ambalo wote waliokuwa wakilitumia wamekufa isipokuwa yeye.

Kesho yake alinikaribisha kama mgeni, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Nambambo.

"Nambambo nina mdogo wangu," akasema. "Unamjua?"

Nikamwambia namjua.