Maziwa ya Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini nimewafundisha watoto wa darasa la nne kwamba maziwa huchemshwa kabla ya kunywewa. Nimechora hata sufuria ukutani, na mvuke wake. Na kila Jumapili baada ya misa nilipanda mlima hadi Kanyosha kwa mama mkwe wangu, nikanywa vikombe viwili vya maziwa mabichi na kujifuta sharubu. Yeye anaamini kwamba maziwa yakiguswa na moto, ng'ombe hukauka. Nami, mkwe mwenye adabu, ningekataaje?

Kisha mgongo ukaanza kuniuma hadi nikawa navaa viatu nikiwa nimelala. Daktari alituonyesha picha, mimi na mke wangu: pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa.

"Ni kansa yenye ilitoka fasi ingine ya mwili, ao ni vijidudu," alisema. "Ona, hata gegedu ya katikati imeliwa. Kansa mara mingi inaiachaka. Lakini picha peke yake haitoshi. Mwalimu, unakunywaka maziwa mabichi?"

Nikaikumbuka sufuria yangu ya ukutani.

"Apana, Dokteri. Sisi tunachemushaka."

Mtu mzima mwenye mvi, nikalinda heshima ya mchoro wa chaki, uti wa mgongo ukajitegemee.

Basi wakaisaka kansa. Walinipima mapafu, ini, na mahali ambapo mwanamume hapataji. Niliogopa, sifichi. Nilimtazama mke wangu akikunja mashati yangu, nikawaza atampa nani. Hata hivyo sikufungua mdomo.

Siku ya sindano ya kutoa kipande cha mfupa, uvumilivu ulimwishia mke wangu.

"Dokteri, huyu anakudanganya. Kila siku ya Mungu, akitoka misa, anakunywa mabichi kwa mama."

Daktari alinitazama kama ninavyowatazama watoto waliosahau daftari. Akaongeza kipimo cha damu. Damu na mfupa vikasema neno moja: vijidudu vya ng'ombe. Kansa hakuna. Nililia palepale, mbele ya muuguzi aliyeshika dawa zangu za miezi mitatu.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alishuka mwenyewe hadi kwetu, amebeba chupa ya chai iliyojaa maziwa.

"Nimechemusha, mukwe wangu," alisema, hakuniangalia. "Ng'ombe ikauke tu. We usikauke."

Nikanywa yote. Yalinuka moshi, na utando ukaninasa sharubuni. Nikamwambia ni matamu kuliko yale ya zamani, na safari hii mke wangu akauacha uongo wangu upite.