Siku Haboba Aliposimama Kwenye Maji

Iko siku moja haitaki kunitoka kichwani, mwanangu, na leo nitakusimulia yote. Ndiyo, nimekuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba na wewe una kumi na mmoja. Lakini katika nyumba hii ya Bwaise nimekutangulia miaka sita, na nimekaa chini nje ya mlango wako mpaka makalio yamekufa ganzi. Huo ni uzee wa kutosha. Heshimu wazee.

Uliletwa Ijumaa na mfuko mmoja. Tangu hapo unalala na viatu. Umesukuma kitanda kwenye mlango, na mkoba wako wa shule uko chini ya dirisha, umefungwa, tayari kwa safari ambayo hata wewe huijui. Usidhani nakuchungulia. Hicho chumba kilikuwa changu, na hicho kitanda kina mguu mmoja unaopiga kelele kikisukumwa. Aliyeuvunja ni mimi.

Nilikuja hapa nikitoka kambini, kwenye nyumba za askari, ambako mama alikuwa ameolewa na mtu mmoja mwenye mkanda. Sitakusimulia mkanda. Wewe una yako unayoyajua, na hatushindani. Nitakusimulia mabuti yake. Niliyajua kuliko nilivyojua somo lolote darasani. Yakija polepole, nilikuwa na muda wa kuingia nyuma ya mapipa ya maji. Yakija haraka, hakuna muda. Na hakubisha hodi hata siku moja. Alikuwa anasukuma tu, mlango unagonga ukuta, na mimi tayari nimeshasimama wima, bila kuambiwa. Mwishowe mwalimu mmoja aliona mgongo wangu siku ya michezo. Akamwita mama. Mama akalia, halafu akampigia simu Haboba, shangazi yake.

Haboba unamwona alivyo. Kwetu sisi Wanubi jina hilo ni la bibi, lakini huyu ni bibi mwenye mwili wa kuku aliyenyeshewa na sauti ya sajenti. Siku ya kwanza alinionyesha komeo la mlango, akanifanya nilifunge na kulifungua mara tatu mbele yake.

"Hapa watu wanabisha hodi," akasema. "Hata mimi mwenye nyumba. Ukisema karibu, naingia. Ukisema subiri, nasubiri."

Nikajibu ndiyo, Haboba. Moyoni nikasema, wote huwa wazuri siku ya kwanza.

Kwa hiyo nikaanza kumpima. Akija na chai, "Hodi," mimi, "Subiri!" na nimelala chali nahesabu mistari ya mabati juu. Nikifika ishirini, karibu. Akaingia, akaweka chai, akatoka. Kesho yake nikahesabu hadi arobaini. Keshokutwa nikaimba wimbo wa shule mzima, beti zote, na ule wa mwisho nikaurudia. Nilikuwa nacheka ndani ya shuka, mwanangu, lakini mkono mmoja umeshika kiatu. Nilikuwa nangoja siku atakayochoka. Mtu mzima akichoka ndipo unamwona, hivyo ndivyo nilivyofundishwa kule kambini, na sikutaka siku hiyo inikute nimelala.

Basi ikaja mvua. Ilikuwa mchana, wakati wa likizo. Haboba alikuwa ametoka tangu asubuhi na tabaga zake sita, yale mafuniko ya chakula ya ukindu wa rangi anayosuka pale uani. Alikuwa amezisuka mwezi mzima kwa ajili ya harusi ya mjukuu wa rafiki yake, akazipeleka wenye harusi wazione, kisha azirudishe kumalizia pindo. Unaijua Bwaise. Mvua ikinyesha robo saa tu, mtaro unaturudishia kila kitu tulichoutupia. Maji yakapanda mpaka kwenye kile kiukuta cha saruji mlangoni. Mimi nikasukuma kitanda mlangoni, nikapanda juu yake, viatu miguuni, nikasikiliza.

Nikasikia mabuti.

Yalikuwa yanakuja kwenye ujia, mazito, haraka, yakipiga maji. Nilijua ni yeye. Usiniulize angejuaje nyumba. Hofu haiulizi njia. Yakaja mpaka mlangoni pangu. Mtu akasema kitu, lakini mvua kwenye mabati ilikimeza, nikasikia mngurumo tu. Nikafungua mdomo nipige yowe, na kilichotoka ni lile neno nililokuwa nachezea kila siku.

"Subiri!"

Mabuti yakasimama.

Nikakaa. Nikahesabu mabati, safari hii si kwa mchezo. Ishirini. Arobaini. Mlango haukusukumwa. Sitini. Nilikuwa nimejikojolea, mwanangu, na ukimwambia mtu nitakataa na nitasema ni wewe. Mlango ulikuwa bado mlango.

Ndipo nikamsikia Mama Wasswa, jirani wa mbele, akipiga kelele kutoka juu ya meza yake.

"Banange, Haboba! Maji yanakufika magotini! Sukuma mlango uingie, si ni nyumba yako?"

Na ile sauti ya sajenti, hapo hapo nje ya mlango wangu, ikajibu:

"Amesema nisubiri."

Nilivuta kitanda nikakivunja mguu. Nikafungua. Haboba alikuwa amesimama kwenye maji ya rangi ya chai, amevaa gambuti za kuazima kwa muuza nyama, kubwa kama ndoo, maana ndala zake zilichukuliwa na mtaro. Tabaga zilikuwa kichwani, ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, na kavera ilikuwa imechanika. Rangi nyekundu ilikuwa imeingia kwenye nyeupe na kumtiririkia mpaka shingoni.

Mimi nikafanya ninachofanya siku zote. Nikatania. "Haboba, ungeniambia unakuja na gambuti, ningekupigia saluti."

Hakucheka. "Mizaha baadaye. Ulidhani ni nani?"

Nikalitaja jina. Sikuwa nimelitaja tangu nifike.

Akanitazama, maji yakimdondoka puani. "Huyo ungemwambia subiri, angesubiri?"

"Hapana."

"Basi leo umepata kujua mimi si yeye. Sasa nisogezee kiti, miguu inaniuma." Alipokaa ndipo akaziona tabaga, akazigeuza moja moja. Nikasubiri anipige. Nilijikunja kabisa, kichwa kwenye magoti. Alichofanya ni kunipa moja, akasema, "Fumua. Tutaanza upya. Na kesho ukisema subiri kwa kunichezea, nitasubiri vilevile, lakini chai nitakunywa mimi."

Usidhani hofu iliisha siku hiyo. Nililala na viatu wiki nyingine nzima. Halafu muhula mzima nililala na kiatu kimoja, cha kulia, na mguu wa kushoto ukawa huru kabla ya mwenzake. Hata sasa, mtu akipanda ngazi za shule kwa mabuti, kalamu yangu inasimama. Natazama mlango. Naona aliyeingia. Naendelea kuandika. Siku nyingine inachukua muda, na mwalimu wa hesabu anadhani nafikiri.

Sasa nasaha, maana mzee asiyetoa nasaha ni mtu mzima tu. Yaliyokupata hukuyaita wewe, hata kama waliokufanyia walikuambia uliyaita. Viatu vivae mpaka utakapochoka navyo, hapa hakuna atakayekucheka, na mimi nikicheka nipige navyo. Tupime. Sema subiri, useme tena, tupime kwa mvua na kwa jua, maana mtu hawezi kuamini kwa kuambiwa. Na siku utakayotaka kulitaja hilo jina, litaje kwa Haboba, au kwangu, kwa sauti ndogo kadiri unavyoweza. Ukilibeba peke yako utalisikia kwenye kila buti la Kampala.

Nilibisha hodi saa moja iliyopita. Ulisema subiri. Nimeandika haya kwenye karatasi za daftari la jiografia, na nitazipitisha chini ya mlango moja moja. Mawingu yamekuwa meusi, na mtaro umeanza kunung'unika. Haboba yuko uani anasuka, amenipigia kelele sasa hivi:

"Amesemaje?"

"Amesema nisubiri!"

"Basi subiri!"

Mungu akupe kulala miguu mitupu, mwanangu. Akupe mlango unaokutii, na watu wanaosimama ukiwaambia wasimame, hata maji yakiwafika magotini. Chai imepoa, nitapasha nyingine. Nipo hapa hapa.