Walimu Wawili Walionifikisha Mahakamani

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu wa mahakama alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akanikabidhi kadi ya kiapo iliyochakaa kwa kushikwa na mikono mingi, akasema, “Binti, watu wanadhani mkalimani ni mdomo. Mkalimani ni masikio.”

Nikaitikia, “Ndiyo, mzee,” huku nikijizuia kutabasamu. Maneno kama hayo nilikuwa nimeyasikia tangu darasa la tatu, kwa mwalimu ambaye hakuwahi kukanyaga mahakamani.

Nilikulia katika kambi ya polisi hapa Kampala. Baba alikuwa koplo, mtu wa Gulu. Nyumbani tulisema Kiacholi, uwanjani Kiswahili cha kambini, na ukivuka lango ni Luganda tupu. Shuleni tulichanganyika na watoto wa wachuuzi wa Namuwongo na wa watumishi wa Kibuli, kila mmoja na lugha ya mama yake. Mwalimu Nakato alitupokea hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke mfupi, vazi lake la gomesi limenyooshwa pasi kila siku, sauti yake ya chini kiasi kwamba ilibidi tunyamaze ili tuisikie. Hakumruhusu mtoto kujibu kabla hajarudia alichosema mwenzake.

“Ludia!” alizoea kusema, maana ulimi wake wa Kiganda ulibadilishana r na l. “Ludia vile amesema. Usiongeze chumvi, usipunguze.”

Siku moja nilipigana na msichana aitwaye Fauza. Mwalimu Nakato hakutuuliza nani alianza. Alimtaka kila mmoja aeleze malalamiko ya mwenzake mpaka mwenyewe akubali, “Ndiyo, ndivyo nilivyosema.” Ilituchukua mapumziko yote. Tulipomaliza hatukuwa na ugomvi tena, tulikuwa na njaa tu.

Mwalimu Ojok wa hesabu alikuwa mtu wa namna nyingine: mrefu, mkali, fimbo haimtoki mkononi. Nilipokuwa darasa la sita alinichapa viboko viwili kwa jibu aliloliita la kijinga. Nililia kwa hasira, kwa kuwa hesabu ile nilikuwa nimeirudia mara tatu. Kesho yake asubuhi, shule nzima ikiwa mistarini, Mwalimu Ojok alisogea mbele akaniita. Nilidhani ninaongezewa.

“Jana nilimchapa huyu mtoto,” alisema, sauti ikafika hadi jikoni. “Jibu lake lilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea. Akello, nisamehe.”

Mwalimu Mkuu alikunja uso. Walimu wengine walitazama chini. Mimi nilipiga goti, kama tulivyolelewa, nikasema, “Ndiyo, mwalimu.” Hakuna mtoto aliyecheka. Mwaka uliofuata alihamishiwa kaskazini, na sikumwona tena.

Sasa nyinyi wakalimani wapya mnaoingia kazi hii leo mna kozi na vyeti. Sisi tulikuwa na kadi ya kiapo tu. Kumbukumbu za mashauri ziliandikwa kwa Kiingereza, na mshtakiwa alisema lugha yake. Mkalimani alisimama kando ya kizimba, mahali anaposimama mshtakiwa, akayabeba maneno sentensi baada ya sentensi. Nilichokisema mimi ndicho Hakimu alichokiandika. Kama nimepotosha, karatasi nayo imepotoka.

Katika mwezi wangu wa nne, nikiwa bado kwenye majaribio, aliletwa mchuuzi mmoja mkimbizi kutoka Bukavu. Nitamwita Bahati. Alishtakiwa kumpokonya mwanamke robota la vitenge. Alipoulizwa ilikuwaje, alisema, “Nilikamata vitenge mu mikono yake.”

Mimi ni mtoto wa polisi. Kambini kwetu kukamata ni jambo moja tu. Nikamwambia Hakimu kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa alivinyakua mikononi mwa yule mwanamke. Hakimu akaandika. Mwendesha mashtaka akaegemea kiti chake, kazi imekwisha. Bahati, ambaye hakujua Kiingereza, akaendelea kwa utulivu: “Bibi yangu alibakia ku nyumba. Alikuwa mugonjwa, anakamata dawa ya malaria.”

Kwamba bibi kwao ni mke, hilo nililijua. Lakini nani anayenyakua dawa ya malaria? Kumbe kwao kukamata ni kuchukua tu, ni kupokea. Mtu huyu hakuwa amekiri kosa. Mimi ndiye niliyemkiria.

Mle ndani hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Ningenyamaza, ningebaki na kazi yangu, naye angekwenda gerezani. Akilini nilimwona Mwalimu Ojok amesimama mbele ya mistari yetu, fimbo kwapani.

“Mheshimiwa Hakimu,” nikasema, “naomba kusahihisha tafsiri yangu. Nimekosea.”

Kalamu ikasimama. Hakimu alikuwa mama asiyependa kupotezewa wakati. “Umekosea wapi, mkalimani?”

Nikaeleza. Mwendesha mashtaka akapinga, akisema namtetea mshtakiwa.

“Una hakika sasa, au unabahatisha?” Hakimu aliuliza.

“Naomba aulizwe mwenyewe, Mheshimiwa, alivikamata vipi.”

Akaulizwa. Bahati alinyoosha mikono miwili, viganja juu, kama mtu anayepokea sahani mezani. “Alinipatia, nikakamata. Nikamuambia aksanti.”

Hakimu alipiga mstari juu ya alichoandika, akaandika upya. Wiki iliyofuata majirani wawili walithibitisha kwamba Bahati alikabidhiwa vitenge akauze, na akaachiwa. Mimi niliitwa ofisini. Karani Mkuu alikuwa ameshika kalamu.

“Umejiaibisha mbele ya watu,” akasema.

“Ndiyo, mzee.”

“Uendelee hivyo hivyo.” Na akatia sahihi barua ya kunithibitisha kazini.

Nilipelekwa Jinja, kisha Gulu kwa kina baba, kisha nikarudishwa Kampala, katika ofisi moja ya Nakasero, kuwafunza wakalimani wapya. Nimewatafsiria wezi, wajane, maaskari na mapadri. Nasema bila haya kwamba sikumfunga mtu kwa ulimi wangu.

Mwaka huu, nikiwa tayari nimestaafu, Mwalimu Nakato alifariki. Matanga yalikuwa nyumbani kwake, chini ya kilima cha Kibuli. Wanawe hawakujua Kiswahili cha wengi waliokuja, wakaniomba nisimame. Nikatafsiri tangu asubuhi, bila kiapo. Mwishowe akainuka askari mstaafu, mzee mwenye fimbo, aliyesoma kwake kabla yangu. Aliligusa jeneza, akasema, “Mimi ni mtoto wake.”

Kanuni ya kazi yetu ni kwamba mkalimani hasemi “amesema kuwa yeye.” Msemaji akisema “mimi,” nawe unasema “mimi.” Nikawageukia waombolezaji, nikasema kwa Luganda, kwa sauti iliyofika barabarani, “Mimi ni mtoto wake.”

Miaka yote hiyo niliitumia “mimi” ya watu wengine. Siku ile “mimi” ilikuwa yangu.