Kurasa Tatu za Kushukuru

Musiniulize kama Paulin ni mutu mubaya. Hapana! Ni mwalimu wa shule ya musingi, wa kule Mabalako, mutu wa kusalimia hata batoto kwa mikono mbili. Bauaji ba mu pori balipoingia kijiji yake, balimuua mama yake. Yeye na batu kumi na mbili balijificha wiki tatu. Kisha akafika huku Butembo na kaye tano, daftari zenye aliandika ile habari yote, chini ya koti, akaingia mu kibanda yangu ya fotokopi.

"Dada Eliane, unipigie hii yote ku mashini. Itakuwa kitabu."

Nikapiga. Nilikuwa nalia na kupiga, mimi ule batu ba soko banaita Pilipili.

Mwalimu Kitsa akasikia habari. Ule muzee alisahihisha bitabu bya misioni kule Lubero miaka makumi tatu. Akakuja mu kibanda, akamuambia Paulin: "Mutoto yangu, kitabu haichapishwe bila jicho ya pili. Uniachie miezi miwili."

"Mais lakini, Mwalimu, mwezi kesho tunamaliza matanga ya mama. Lazima itoke ile siku. Na tena hii ni maumivu yangu. Mutu mwengine atasahihisha nini ndani?"

Kichwa nguvu! Muzee akavaa kofia yake, akaenda.

Kwetu Banande, siku ya kumaliza matanga, familia inasimama na kushukuru kila mutu kwa jina: huyu alileta kuni, huyu ndizi, huyu alichota maji. Ukiruka mutu moja, umemutukana, na atakukumbusha mpaka batoto bako bazae. Basi Paulin akamaliza kitabu vile vile, kurasa tatu nzima za asante. Aliandika: "Wasingya, asante sana, mama Agar, mujane wa Kamate. Nyumba yako, ya mwisho mbele ya kufika ku chemchem, njo ilituokoa. Ulituficha mu ghala ya kakao, ukatuletea chakula kila jioni."

Pale bidole byangu bilisimama. Nikasoma tena: jina, nyumba, njia, yote iko pale. Mais nikajiambia: Eliane, wewe ni wa kupiga mashini, nani alikuuliza? Nikaendelea. Mungu anihurumie, nikaendelea.

Siku ya matanga batu balipiga makofi, bamama balilia, bitabu mia mbili biliisha. Mutu moja akapiga picha ile kurasa ya mama Agar, sababu ilimugusa roho, akaitupa mu WhatsApp. Ikafika Beni, ikafika Mangina, ikafika mu pori.

Wiki sita tu. Bauaji balirudia kijiji. Balipita nyumba zingine bila hata kugonga, balienda moja kwa moja ku ile ya mwisho. Mama Agar alikuwa anatandaza kakao ku jua. Balimuulia pale pale, juu ya kakao yake.

Sasa Paulin anazunguka na kuomba batu bamurudishie bitabu, hata Beni, hata Lubero. Anakusanya, anachoma. Mais picha za ku simu, nani atazikusanya? Anakonda. Hasomeshe tena.

Kisha Mwalimu Kitsa akasoma kitabu mu kibanda yangu, na biki nyekundu mu mukono. Alipofika mwisho, akavuta mustari toka juu mpaka chini, ku kurasa zote tatu.

"Dakika mbili," akasema. "Ingekuwa kazi ya dakika mbili." Kisha akalia, ule muzee. Miye pia niliona, na nilinyamaza.

Juzi Jokébed, binti ya mama Agar, alifika Butembo, akaingia kwa Paulin nikiwa pale. Paulin akaanguka ku magoti.

"Nilitaka tu kumushukuru, Jokébed. Tu kumushukuru."



"Mama hakujua kusoma," binti akasema. "Ungekuja kumuambia ku mulango."